JRO: uwanja uliojengwa ili mgeni asipitie Nairobi

Ukinunua tiketi mtandaoni na ukaandika KIA kwenye kisanduku cha mahali unapokwenda, hutafika Kilimanjaro. Katika orodha ya IATA herufi hizo tatu ni za Kaiapit, kiwanja kidogo huko Papua New Guinea. Watu wa Moshi na Arusha husema KIA, madereva husema KIA, hata njia panda kwenye barabara kuu inaitwa KIA. Lakini kwa tarakilishi za mashirika ya ndege uwanja ule ni JRO, herufi zilizochotwa mkiani mwa jina Kilimanjaro. Ukizidisha 26 mara tatu unapata misimbo 17,576 tu kwa dunia nzima, kwa hivyo si kila uwanja hupata inayoutosha. Yeyote aliyewahi kutaka kusajili jina la tovuti akakuta lina mwenyewe anaelewa.

Marubani na waongozaji wa ndege wana msimbo wao wa herufi nne: HTKJ. H ni eneo letu hili la Afrika, T ni Tanzania, KJ ni Kilimanjaro. Jomo Kenyatta, Nairobi, ni HKJK. Ziweke sambamba uzitazame: HTKJ, HKJK. Jicho likiteleza umesoma hali ya hewa ya nchi jirani.

Na ni jirani kweli. Nikiweka majira ya viwanja hivi viwili kwenye fomula ya umbali juu ya tufe napata kilomita 235 hivi, hewani. Kutoka JRO hadi mpaka wa Kenya upande wa Holili na Taveta hazifiki 70. Uwanja wenyewe uko kwenye tambarare kavu kati ya Arusha na Moshi, mita 894 juu ya usawa wa bahari, na una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600. Hiyo ni njia ya kupokea ndege kubwa kabisa. Swali linalonivutia ni hili: nani alihitaji njia ndefu hivyo mahali pale mwaka 1971, ilhali Nairobi ilikuwa tayari na uwanja wa kimataifa pale Embakasi tangu 1958?

Jibu ni kwamba Embakasi ndiyo sababu.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ulitiwa saini Kampala mwaka 1967 na makao makuu yakapelekwa Arusha. Mji mdogo ukawa mji mkuu wa aina fulani, bila uwanja wa ndege wa kumpokea mgeni kutoka mbali. Isitoshe, Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro wenyewe viko Tanzania, lakini mtalii wa Ulaya alishuka Nairobi, akalala hoteli ya Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akavuka Namanga, akapiga picha za simba, kisha akarudi Nairobi kupanda ndege ya kwenda kwao. Tanzania ilibaki na kiingilio cha lango na vitanda vichache. Ukiangalia kama mtu wa mitandao, trafiki yote ilipita kwenye ruta ya jirani, na jirani alitoza kila pakiti. Kwa mkopo wa serikali ya Italia ikajengwa ruta nyingine, na mwaka 1971 uwanja ukafunguliwa.

Kujenga uwanja ni jambo moja, kupata ndege za kutua hapo ni jingine. Shirika la nyumbani lilikuwa East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na baadaye likawa mali ya nchi tatu. Hapa kuna kitu nakipenda sana. Ndege huwa na namba ya usajili inayoanza na alama ya nchi: 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania, 5X ni Uganda. EAA iligawanya usajili wa ndege zake kati ya nchi zote tatu. Ukichukua zile VC10 tano za safari za mbali, mbili zilikuwa 5X, mbili 5H, na moja 5Y. Shirika moja, rangi moja, marubani wale wale, ila kila rekodi kwenye hifadhidata ina mwenyewe wake.

Ilipendeza mradi wenye rekodi walikuwa wakielewana. Lakini karakana kuu ilikuwa Nairobi, na ofisi kuu pia, kwa hiyo namba ya usajili ilisema jambo moja na mahali ndege inapolala usiku pakasema jingine. Madeni na malalamiko ya nani hajalipa fungu lake yalipozidi, shirika lilisimama mapema mwaka 1977. Kenya Airways iliundwa Januari mwaka huo na kuanza kuruka Februari kwa Boeing 707 za kukodi kutoka British Midland. Air Tanzania iliundwa Machi. Katikati ya hayo, Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wa pili zilizuiliwa huko huko.

Wengi wetu huambiwa habari hii kama ugomvi wa wanasiasa. Mimi naona ilikuwa pia jaribio la kile uwanja ulichojengewa. Mpango ulikuwa mgeni apewe njia ya pili, na ghafla ikawa ndiyo njia pekee. Matokeo ya awali yalikuwa mabaya kwa waliojenga: mashirika makubwa hayakuhama Nairobi eti kwa sababu mpaka umefungwa, na hoteli za Serengeti zikakosa wageni. Kenya nayo ikaanza kuuza Maasai Mara kama safari kamili inayojitosheleza, na ikauzika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na Mei 1984 nchi tatu zikatia saini mgawanyo wa mali ya Jumuiya baada ya kazi ndefu ya msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Lakini kivuko cha watalii kati ya Mara na Serengeti, pale Bologonja, hakikufunguliwa. Ndiyo maana mtu anayemwona nyumbu akivuka mto hawezi kumfuata kwa gari hadi upande wa pili. Nyumbu anavuka bila pasipoti, mwenye pasipoti anazunguka Namanga au anapanda ndege.

Shirika ambalo wasafiri wengi hulihusisha na JRO ni KLM. Kwa miaka mingi lilitumia mzunguko: Amsterdam, Kilimanjaro, Dar es Salaam, kisha kurudi. Hesabu yake ni rahisi. Abiria wa Kilimanjaro peke yao hawajazi ndege kubwa kila siku, wa Dar pia vivyo hivyo, lakini ukiwaunganisha wanajaza. Kasoro ni kwamba kipande cha katikati, Kilimanjaro hadi Dar, ndege inaruka na viti vitupu ambavyo haiwezi kumuuzia Mtanzania anayekwenda Dar. Kwa kawaida shirika la kigeni halipewi haki ya kubeba abiria kati ya miji miwili ya nchi moja.

Mwaka 1998 uendeshaji wa uwanja ulikabidhiwa kampuni ya KADCO, serikali ikiwa mmoja wa wanahisa pamoja na wawekezaji binafsi. Ulikuwa wakati ambapo Arusha imeanza tena kuwa na wageni wa dunia: mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapo, mazungumzo ya amani ya Burundi yalikuwa hapo (Clinton alikuja Agosti 2000 kuyashuhudia akiwa na Mandela), na mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini hapo hapo Novemba 1999. Mkutano ukiitishwa Arusha, wajumbe hutua JRO.

Sasa angalia kichekesho cha historia. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air, shirika la Tanzania lililokulia Arusha. Tiketi zikaanza kuunganishwa: namba ya KQ na namba ya PW kwenye ndege moja, mithili ya vigeuzi viwili vinavyoelekeza kwenye kumbukumbu ile ile. Mgeni akashuka tena Nairobi na kubadilisha ndege kwenda Kilimanjaro! Uwanja uliojengwa kukwepa Nairobi ukawa tawi lake, ingawa safari hii kwa biashara ya hiari. Hali ilibadilika kiasi mwaka 2012, Qatar Airways na Turkish Airlines zilipoanza kwenda JRO. Kuanzia hapo Doha na Istanbul zikawa zinashindana na Nairobi na Addis Ababa kwa abiria yule yule anayetaka kupanda mlima.

Kuhusu Addis Ababa, siwezi kupita bila kutaja tarehe 18 Desemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda JRO ilitua uwanja mdogo wa Arusha, kilomita 50 hivi upande wa magharibi, kwenye njia isiyofika hata mita 1,700. Ndege ndogo iliyoharibika ilikuwa imeziba njia ya JRO, kwa hiyo 767 ikabidi isubiri, na mwishowe marubani wakaona njia ya lami mbele yao. Njia zote mbili zimeelekea upande mmoja, na zote zina namba 09 na 27 mwisho hadi mwisho. Ndege ilisimama majanini, hakuna aliyeumia, ila Arusha hapakuwa na ngazi za kufikia mlango wa ndege kubwa hivyo na abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa. Baada ya siku chache iliruka ikiwa tupu. Kwa mwandishi wa programu hili ni somo la vitambulisho: namba ya njia inaeleza mwelekeo, haielezi ni uwanja gani.

Turudi kwenye mpaka. Agosti 2020, Kenya ilipoiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini ya korona, Tanzania ilizuia Kenya Airways, kisha AirKenya Express, Fly540 na Safarilink. Zuio liliondolewa Septemba. Januari 2024 ugomvi ulikuwa wa mizigo: Air Tanzania ilitaka haki ya tano, yaani kuchukua mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu kwa ndege yake ya mizigo. Kenya ilikataa, Tanzania ikatangaza kuzima safari za KQ za Nairobi na Dar, na kabla tarehe haijafika pande mbili zikaelewana. Mara hizi mbili tulisikia zaidi kuhusu mashirika kuliko kuhusu mpagazi wa Moshi au dereva wa Namanga ambaye kazi yake inategemea ndege hizo kutua.

Uwanja wenyewe umeendelea kubadilika. Serikali ilichukua KADCO yote mwaka 2009, ukarabati mkubwa ukaanza 2014 kwa msaada wa Uholanzi ili jengo lihudumie abiria milioni 1.2 kwa mwaka badala ya 600,000, na Novemba 2023 uwanja ukakabidhiwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Ardhi yake ni kilomita za mraba 110 hivi. Ndani ya ramani hiyo wamo pia wafugaji wa Hai na Arumeru, ambao kwa miaka mingi wamebishana na uwanja kuhusu mpaka unapita wapi hasa.