Kabla Ukate Ekzosi ya DT, Jua Ilitoka Wapi

Kuna imani mtaani inaniudhi: ati ukitaka Yamaha DT kuukuu ipate nguvu, unakata ekzosi, unaacha bomba tupu. Kelele inaongezeka, unadhani nguvu pia imeongezeka. Zii. Kwa tustroki, ile injini ya kuchanganya petroli na oili, umbo la ekzosi ni sehemu ya injini yenyewe. Na hilo umbo watu walihatarisha maisha kwa sababu yake.

Shida ya tustroki ni hii: petroli na hewa mpya zinaingia kwa silinda wakati tundu la moshi bado liko wazi, kwa hivyo zingine zinapotelea nje kabla hazijaungua. Miaka ya 1950, huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, injinia wa kiwanda cha MZ anaitwa Walter Kaaden alikaa chini na hilo tatizo. Wakati wa vita alikuwa amefanya kazi Peenemünde, kituo cha makombora cha Hitler. Hakuwa wa kwanza kujaribu ekzosi yenye tumbo, lakini ndiye aliyeipima kwa vyombo mpaka akaielewa. Bomba linapanuka, linavuta moshi utoke. Halafu linajifinya, na wimbi la mgandamizo linarudi nyuma, linasukuma petroli iliyotoroka irudi ndani kabla tundu lifungwe. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilifika nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, bila turbo, bila chochote. Hakuna injini ya aina hiyo ilikuwa imewahi kufika hapo.

Sasa ngori. Dereva wake, Ernst Degner, alikuwa anapigania ubingwa wa dunia mwaka huo huo. Ukuta wa Berlin ulianza kujengwa mwezi wa nane. Mwezi wa tisa, kwa mashindano ya Sweden, injini yake ikafa, na Degner hakurudi nyumbani. Mkewe na watoto wawili walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa kwa buti ya gari. Alienda Japani na ujuzi wa Kaaden kichwani, na mwaka 1962 akaipa Suzuki ubingwa wake wa kwanza wa dunia, kwa pikipiki ya cc 50.

Wasee hubishana kama Degner ni shujaa ama msaliti. Mimi siwezi kumlaumu baba anayetoa watoto wake nyuma ya ukuta. Ila anayeniuma ni Kaaden, aliyebaki Zschopau akiona hesabu zake zikishinda zikiwa na jina la mwingine kwa tangi. Na si mara ya kwanza mji huo kuporwa: pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya 1955, iliiga DKW RT 125, na hiyo DKW ilitoka hapo hapo Zschopau.

DT-1 ikaja 1968, cc 250, ya barabarani na ya matope pia. Waliotaka kuikimbiza zaidi, Yamaha iliwauzia seti ya vifaa vya kuongeza nguvu. Ekzosi yenye tumbo ilikuwa ndani. Msumeno haukuwemo.

Kuna bei, lakini. Lile wimbi linarudi kwa wakati unaofaa injini ikiwa kwa kasi fulani tu. Chini ya hapo nduthi imelala, ukifika hapo inakurusha. Ndio maana kwa tope na milima dereva wa tustroki anacheza na klachi muda wote ili injini isishuke, na klachi inaisha.

Kwa hivyo DT ikiwa imelegea, anza na klachi. Panda mlima na gia ya juu, fungua mafuta: injini ikilia na nduthi haisongi, klachi inateleza. Rekebisha kebo hadi leva iwe na mchezo wa milimita 2 au 3 kabla ya kuanza kuvuta. Bado inateleza? Fungua uangalie pleti. Baadaye ndio utoe ekzosi uikwangue masizi ndani, kwa sababu oili ya miaka yote hiyo inaganda hapo, na bomba lililoziba halirudishi wimbi lolote.