Jasho la Mchezaji

Michezo ya kompyuta nayo ina historia yake, na ndani yake limo funzo kuhusu thamani ya subira.

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi na dadu. Mchezaji alikusanya alama za uzoefu. Zikitimia, hupanda ngazi. Mwaka 1986, Yuji Horii wa Japani aliutumia utaratibu huo katika Dragon Quest, mchezo wa kuchezwa kwenye televisheni. Adui dhaifu kabisa alitoa alama 1. Ngazi ya pili ilidai alama 7. Ya 30, ambayo ndiyo ya mwisho, 65,535. Aliyeuawa alipoteza nusu ya dhahabu yake, lakini alama zake hazikuguswa.

Hapo palikuwa na haki. Asiye na wepesi wa vidole aliweza kufika mwisho kwa kuvumilia tu. Waingereza huiita kazi hiyo kusaga, na kweli yafanana na mtama na jiwe: haba na haba hujaza kibaba.

Baadaye wakaingia wachuuzi. Baadhi ya michezo ilirefushwa njia, kisha njia ya mkato ikauzwa. Novemba 2017, malalamiko ya wachezaji wa Star Wars Battlefront II yaliilazimisha kampuni ya Electronic Arts kusimamisha kwa muda mauzo ndani ya mchezo huo.

Subira ni mtaji wa asiye na kitu. Anayerefusha njia ili auze mkato humtoza tajiri fedha, na maskini humtoza umri wake.