Hofu Iliyouzwa Kariakoo

Kwa miongo mingi, hofu ya kwenye skrini ilifika Dar es Salaam kutoka ng'ambo. Sinema za katikati ya jiji kama Empire na Avalon zilionyesha picha za Kihindi na za Kizungu. Kisha zikaja deki za video na vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, na wafasiri kama Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, wakazisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani.

Mwaka 1992 filamu ya Kinigeria, *Living in Bondage*, ilithibitisha kwamba kamera ya video na habari za makafara vinatosha kuuza. Dar es Salaam ilifuata. Mussa Banzi alitoa *Nsyuka* mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha *Shumileta* mwaka 2005, ambamo jini wa kike anaingilia mapenzi ya wanadamu. Mwaka 2009 Haji Dilunga akaja na *Popobawa*. Pepo huyo hakuhitaji kutambulishwa: mwaka 1995 Wazanzibari walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka, kwa kuhofia kuvamiwa kitandani.

Aliyeamua filamu gani ifike sokoni ni msambazaji wa Kariakoo. Mara nyingi alimlipa mtayarishaji kwa mkupuo, akabaki na haki zote. Hadithi moja ilikatwa sehemu mbili, kila moja ikauzwa peke yake, na machinga akalinadi kava lake barabarani. Fedha hizo hazikutosha kujenga kasri la mashetani, kwa hiyo picha zilipigwa kwenye nyumba za kuazima, na balaa likaanzia sebuleni, kwa mke, mkwe au ndugu.

Ufinyu huo wa fedha una historia yake duniani. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitengeneza *Psycho* kwa takriban dola 800,000, bila rangi, akitumia mafundi wengi wa televisheni. Alichokuwa nacho ni moteli, nyumba ya mlimani na kijana asiyeweza kujinasua kwa mama yake, na kilitosha kuwatisha watazamaji hadi leo. Kwetu, jeraha la mzazi na mwana lilichimbwa zaidi na *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar, mwaka 2001. Ndani yake mwanamke amepoteza sauti kwa yale aliyoyashuhudia utotoni, na mzimu wa ukoo unamwandama mpaka akabiliane nayo.

*Maangamizi* ilizunguka matamasha. Mikanda ya Kariakoo ilizunguka uswahilini. Ile ilithubutu kuingia ndani ya nafsi, hii ikamtwika jini lawama zote. Stempu za kodi za mwaka 2013, uharamia na simu vimeitikisa biashara ya kava. Kijana anayerekodi kwa simu leo hana msambazaji wa kumwamulia. Nyumba ya kuazima anayo. Kilichobaki ni kuthubutu kumwacha jini nje na kutazama mama na mwanawe wanafanyiana nini.