Fahamu Haki za Raia Anayeishi na Ugonjwa wa Kusahau

Mtu anayeishi na ugonjwa wa kusahau, unaojulikana kitaalamu kama dimensia, anabaki kuwa raia mwenye haki zinazotambuliwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Haki za kuheshimiwa utu wake, kumiliki mali, kulindwa na sheria na kushiriki katika mambo ya jamii haziondoki siku daktari anapoutaja ugonjwa huo. Makala haya yanaeleza ugonjwa wenyewe, haki husika, na wajibu wa familia, majirani na watumishi wa umma katika kuzilinda.

Ugonjwa wa kusahau ni nini

Dimensia si sehemu ya kawaida ya uzee. Ni mkusanyiko wa dalili zinazotokana na magonjwa yanayoharibu ubongo, na huathiri kumbukumbu, lugha, uwezo wa kutambua wakati na mahali, pamoja na uwezo wa kupima mambo. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu, ukichangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Chanzo kingine ni kiharusi na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa nchini, utafiti uliofanyika vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulibaini kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa na ugonjwa huo.

Ugonjwa huu huendelea polepole, mara nyingi kwa miaka kadhaa. Katika hatua za mwanzo mgonjwa anaweza kupalilia bustani, kushiriki ibada, kupokea wageni na kueleza anachotaka, ingawa huhitaji kukumbushwa. Ndiyo maana kumwondolea maamuzi yote mapema, kwa hoja kwamba "hajui tena kitu", humnyima uwezo ambao bado anao.

Msingi wa kisheria

Ibara ya 12 ya Katiba inatamka usawa wa binadamu na heshima ya utu wa kila mtu, na Ibara ya 13 inaweka usawa mbele ya sheria. Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Mkataba huo unawatambua watu wenye ulemavu wa muda mrefu wa mwili, akili au milango ya fahamu ambao, kutokana na vikwazo vilivyomo katika jamii, hushindwa kushiriki kikamilifu sawa na wengine. Kwa maana hiyo, unamgusa pia mtu anayeishi na dimensia. Ibara yake ya 12 inataka watu hao watambuliwe mbele ya sheria na wapatiwe msaada wanaouhitaji ili waweze kufanya maamuzi.

Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Vilevile, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea.

Mali, ardhi na mikataba

Eneo linalozua migogoro mingi ni mali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiangalii jina la ugonjwa bali uwezo wa mtu wakati wa kuingia mkataba: kama anauelewa, na kama anaweza kupima athari zake kwa maslahi yake. Mtu ambaye kwa kawaida akili yake haiko timamu, lakini kuna nyakati inapokuwa timamu, anaweza kuingia mkataba katika nyakati hizo.

Kanuni hiyo ina pande mbili. Kwa upande mmoja, mzee anayeelewa anachokifanya hawezi kuzuiwa kuuza mbuzi wake au kugawa shamba lake kwa sababu tu amekwisha kupimwa na kukutwa na dimensia. Kwa upande mwingine, dole gumba lililochukuliwa kwa mtu asiyeelewa karatasi iliyowekwa mbele yake haliufanyi mkataba kuwa halali. Viongozi wa Halmashauri za Vijiji, ambazo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndizo zinazosimamia ardhi ya kijiji, wanapaswa kuzungumza na mzee mwenyewe, ikiwezekana bila uwepo wa anayetaka kunufaika, kabla ya kupitisha maombi yanayohusu ardhi yake. Panapohitajika msimamizi wa mali, njia sahihi ni mahakama, wala si makubaliano ya ndugu pekee.

Haki ya kupiga kura

Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara hiyo pia inaliruhusu Bunge kutunga sheria inayoweza kuzuia matumizi ya haki hiyo kwa sababu kadhaa, ukiwemo ugonjwa wa akili. Hivyo, kizuizi chochote hutokana na sheria na utaratibu wake. Ndugu, jirani au kiongozi wa mtaa hana mamlaka ya kuamua kwamba mzee fulani asiandikishwe au asiende kituoni kwa kuwa husahau.

Ulinzi dhidi ya tuhuma za uchawi

Kwa baadhi ya wagonjwa, hatari kubwa zaidi inatoka kwa watu wanaowazunguka. Mgonjwa anaweza kutoka usiku akaingia katika ua wa jirani, akazungumza peke yake au akashindwa kuwatambua watoto wake. Pale ambapo ugonjwa haufahamiki, tabia hizo hutafsiriwa kuwa dalili za uchawi, na mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia wazee, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma za aina hiyo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inaweka kosa la kumtuhumu mtu kuwa mchawi. Anayesikia tuhuma hizo anapaswa kutoa taarifa mapema Polisi au kwa uongozi wa kijiji au mtaa, kabla hazijazaa vurugu.

Matibabu na ushiriki

Hadi sasa hakuna tiba inayoondoa dimensia. Hata hivyo, mzee anayeanza kusahau apelekwe kituo cha afya, kwani baadhi ya sababu za kusahau hutibika, zikiwemo sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na athari za baadhi ya dawa. Kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha sigara na kutibu upungufu wa usikivu hupunguza hatari ya kupata ugonjwa huu.

Kushiriki katika jamii nako ni sehemu ya huduma. Huko Hai, wagonjwa walikutanishwa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 katika wiki saba, wakizungumza, wakicheza na kufanya kazi za kuchangamsha akili. Mazoezi yalirekebishwa ili wasiojua kusoma nao washiriki, na uwezo wa washiriki wa kufikiri na kukumbuka uliimarika.

Mambo ya kuzingatia

Mhudumu wa benki, zahanati au ofisi ya kijiji azungumze na mzee mwenyewe kwanza, kwa sentensi fupi, na ampe muda wa kujibu kabla ya kumgeukia aliyemsindikiza. Familia itunze kitambulisho chake cha Taifa na kadi ya matibabu, imwekee mfukoni namba ya simu ya ndugu, na iwaeleze majirani hali yake ili wamrudishe nyumbani anapopotea. Wanafamilia wapokezane zamu za kumhudumia, kwa kuwa mlezi mmoja huchoka.

Mwananchi anayeshuhudia mzee akifungiwa ndani, akipigwa, akinyimwa chakula au akiporwa mali anashauriwa kutoa taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri, Baraza la Wazee la eneo husika au kituo cha Polisi kilicho karibu.