Ushirika wa nyumba: mlango uliochongwa kwa ajili ya kahawa

Wadau, ukitaja Ujiji wengi wanarukia Livingstone na Stanley, mwaka 1871, chini ya mwembe. Leo tuuache mwembe, tuangalie nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya pale mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara ilihamia bandarini, lakini ujenzi uliendelea vilevile: msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati Mungu akijalia. Mpaka wa kiwanja uliulizwa kwa majirani.

Sasa twende kwenye sheria. Sheria ya kwanza ya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na waliokuwa akilini ni wakulima, hasa wa kahawa. Baada ya uhuru, nyumba zikawa kazi ya serikali. Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa 1962. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Miaka hiyo hiyo ya sabini ukaja mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ilikwenda Dar, Mbeya na Mwanza. Mwisho wa reli tukasubiri. Benki ya Nyumba nayo ikaja, ikafa mwaka 1995.

Serikali ilipochoka, wananchi walifanya nini? Walichanga. Mfano mzuri ni wa Dar: watu waliobomolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga na wenzao, wakanunua ekari 30 kule Chamazi na kujenga kupitia ushirika wao wa Muungano.

Lakini swali langu ni hili: ushirika kama huo unasimamiwa na nani? Jibu ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2013. Ni Tume hiyo hiyo inayoangalia kahawa, pamba na tumbaku. Sasa kahawa huvunwa, ikauzwa, hesabu zikafungwa msimu ule ule. Nyumba ni mambo ya miaka 20. Mwanachama analipa kidogo kidogo, huku hati ya ardhi ikiwa kwa jina la chama. Akifa, mjane anarithi nini? Mwenyekiti akiweka ardhi rehani kinyemela, nani anamzuia kabla mnada haujapigwa? Ukaguzi wa mahesabu pekee utaonyesha hela imeliwa, wakati paa limeshakwenda.

Kwenye akiba tulishalielewa hilo. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na SACCOS zikatakiwa kuwa na leseni, hata VICOBA vikatakiwa kusajiliwa. Yaani shilingi ya mwanachama ina sheria yake mahususi, lakini akiigeuza tofali anarudi kwenye sheria ya jumla. Wenzetu Australia walianza mwaka 2014 mfumo wa kitaifa wa kusajili watoaji wa nyumba za jamii, ingawa majimbo mawili yalibaki nje. Msajili anaangalia uongozi, fedha, hali ya nyumba na haki za wapangaji. Hatuhitaji kunakili. Lakini maswali yao ndiyo yetu.

Kwa nini naandika haya nikiifikiria Kigoma? Kwa sababu ya ziwa. Mwaka 2020 na 2021 Tanganyika ilipanda, na pale Gatumba, Burundi, maelfu walikimbia nyumba zao. Mwambao wetu ni wa ziwa hilo hilo. Siku mtaa mzima ukilazimika kuhamia mlimani, kuhama pamoja kwa kuchanga kutakuwa nafuu kuliko kila mtu kivyake. Ila nani atachanga kama hajui atamshitaki nani?

Naona tuanze na mambo matatu: daftari la taifa la vyama vya nyumba, marufuku ya kuuza au kuweka rehani ardhi ya chama bila kura ya wanachama, na haki ya mrithi iandikwe wazi. Mzee wa Ujiji alikuwa na majirani wa kumtolea ushahidi. Mjini leo majirani wanahama kila mwaka, hivyo ushahidi huo inabidi utolewe na sheria.

Tutafakari, wadau.