Ugali wa Ntimaru na Hukumu za Wageni

Ntimaru iko Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Siku ya soko, watu wa pande zote mbili hukaa benchi moja kwenye vibanda vya chakula, na mwenye kibanda aliyezoea kazi humtambua mgeni kwa anachoagiza. Anayeulizia supu na chapati saa mbili asubuhi ametoka Tarime au kusini zaidi. Anayetaka chai ya maziwa na mandazi ni wa Kenya. Ikifika saa saba, ubishi huanza. Mtanzania ataona mboga hazijaiva vizuri, ugali umekazwa mno, na sahani haina kachumbari wala kile kipande cha ndizi mbivu au tikiti anachowekewa na mama ntilie wa kwao bila kuomba. Mkenya aliyerudi kutoka Mwanza atausifu wali wa Tanzania kwa harufu yake, kisha alalamike kwamba ugali wa huko ni laini na chai ni ya rangi.

Wengi wa wanaobishana hivyo ni Wakuria, kabila la pande zote mbili za mpaka. Nyanya zao walisaga unga wa aina moja na kuusonga kwa namna moja. Ndiyo maana Ntimaru ni mahali pazuri pa kuuliza: msafiri anapoonja chakula cha nchi nyingine na kutoa uamuzi, huwa anaamua juu ya nini hasa?

Uamuzi wa namna hiyo ulianza zamani katika eneo letu la Afrika Mashariki. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msomi wa sheria kutoka Tangier, Morocco, alifika Mogadishu na kuandika alivyokirimiwa. Alipewa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizochemshwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya limau, vichala vya pilipili vilivyolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Embe alilifananisha na tofaa, akaeleza kuwa lina kokwa. Kisha akatoa uamuzi wake: mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao, na ndiyo sababu ya unene wao. Alipopita Mombasa aliandika kwamba wenyeji hawalimi nafaka bali huletewa, na kwamba chakula chao kikuu ni ndizi na samaki.

Namheshimu msafiri huyu kwa sababu alitueleza kilichokuwa ndani ya sinia kabla ya kukisema vizuri au vibaya. Hata hivyo, alikula kama mgeni wa sultani. Mvuvi wa Mogadishu hakula hivyo mwaka ule, na hakuna ukurasa uliobaki wa kutueleza alikula nini. Anayesoma sifa au lawama za msafiri yeyote, wa kale au wa leo, aulize kwanza alikaribishwa na nani.

Wakuria walichelewa kupata mgeni wa kuandika, na waliokuja walikuwa na ramani mkononi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuchora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, Bahari ya Hindi, hadi Ziwa Victoria, na mkataba wa Julai 1890 ukaendeleza mstari huo kuvuka ziwa. Kuanzia 1904 tume ya mpaka ya mataifa hayo mawili ilitembea nchi kavu ikiweka alama. Koo kama Wairege na Wanyabasi zikajikuta na ndugu upande wa Uingereza na ndugu upande wa Ujerumani bila kuhama nyumbani. Tangu siku hiyo chakula kilekile kimehesabiwa kuwa cha nchi mbili.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa wimbi, yaani ulezi, unaoitwa obokima. Unga wake ni wa rangi ya udongo mwekundu uliokolea, na ukishapikwa hugeuka kahawia nzito. Wimbi husagwa peke yake au pamoja na mtama, na baadaye muhogo mkavu ulipozoeleka ukaanza kuchanganywa ili ugali ushikane. Maji yakichemka unga hutiwa, mwiko ukafuata, na msongaji hutumia bega zima kwa sababu unga huu ni mzito kuliko wa mahindi. Ukiiva una harufu ya nafaka iliyokaangwa kidogo, na kwenye ulimi unahisi chembechembe ndogo. Kitoweo ni maziwa lala kutoka kwenye kibuyu, nyama inapopatikana, au mgagani uliochemshwa, ukamiminiwa maziwa na kulazwa hadi kesho yake ili uchungu upungue. Mgeni anayepewa mgagani uliopikwa siku hiyohiyo na kusema mboga za Wakuria ni chungu, amekula mboga ambayo haijamaliza kupikwa.

Wimbi ulikuwa na sifa nyingine iliyoufanya uaminiwe na akina mama wa nyumba. Punje zake ni ndogo mno, zikikauka vizuri wadudu hawazishambulii kwa urahisi, na zaweza kukaa ghalani miaka mingi. Nyumba yenye wimbi ghalani ilivuka mwaka wa ukame.

Mahindi meupe yaliletwa na serikali. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza kuanzia 1907, aligawa mbegu mpya kwa wakulima akitaka mazao ya kuuzwa kwa reli. Halafu ikaja ajira. Mashamba ya chai ya Kericho, migodi ya Macalder upande wa ziwa, na jeshi la King's African Rifles, ambalo vijana wengi wa Kikuria walijiunga nalo na wengine wakapigana hadi Burma, yote yalilisha watu wake unga wa mahindi. Posho ilipimwa kwa ratili, ikapikwa kwa masufuria makubwa na kuliwa na watu wa makabila yote pamoja. Kijana aliyerudi Ntimaru baada ya miaka ya posho alirudi na mshahara, viatu na ladha mpya. Kwa watu wengi ugali mweupe ukawa chakula cha mtu aliyetembea, na ule wa kahawia ukabaki wa wazee, uji wa watoto na wa mama aliyejifungua. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya mahindi chotara aina ya 611, na katika nyanda za juu za magharibi mahindi yakashinda kabisa. Huku Kuria tumbaku nayo ilichukua sehemu ya ardhi iliyosalia. Wimbi unataka kupaliliwa kwa mkono, mche kwa mche, na mwenye shamba aliona hana muda huo.

Katika miaka ya ukoloni madaktari nao walikuwa wakipima vyakula vya Waafrika na kuvipa alama. Utafiti mmoja uliosomwa sana ulitolewa mwaka 1931 na John Gilks, aliyeongoza idara ya afya ya Kenya, pamoja na John Boyd Orr wa Scotland, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Waliwalinganisha Wamaasai, wanaotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu wanaotegemea nafaka na mizizi. Waliona mwanamume wa Kimaasai ni mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23 kumzidi wa Kikuyu, wakahitimisha kuwa chakula ndicho sababu. Vipimo vilikuwa vya kweli, lakini hukumu ilikuwa finyu. Wakikuyu wa miaka ile walikuwa wamenyang'anywa ardhi, na wanaume wengi walikuwa wakiishi kwa posho ya mwajiri. Wanawake wao, waliokula mboga za majani kwa wingi zaidi, hawakupitwa kwa kiasi hicho na wenzao wa Kimaasai. Aliyepaswa kuulizwa maswali alikuwa mwajiri, wala si mapishi ya Wakikuyu.

Mpaka wenyewe ulionyesha nguvu zake mwezi Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia viliadimika katika maduka ya Tanzania. Watanzania waliiita Kenya nchi ya mtu kula mtu, na Wakenya wakajibu kwamba Tanzania ni nchi ambayo mtu hana cha kula. Kejeli za mataifa mawili zikawa juu ya sahani. Kwa Wakuria maneno hayo yalihusu mashemeji na wajomba. Bidhaa zilipita usiku kwa njia za panya, na familia ya upande mmoja ilijua vizuri upande wa pili umekosa nini. Mwaka 1984, mpaka ukiwa umeshafunguliwa, ukame uliikumba Kenya na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani. Wakenya wengi waliyachukia, wakayaita chakula cha mifugo. Mahindi yalikuwa salama, na tofauti waliyoiona ilikuwa rangi. Katika miaka isiyozidi 80, mahindi meupe yaliyokuja kama mgeni yalikuwa yamekuwa kipimo cha kukataa wageni wengine.

Machi 2021 kipimo kikawa cha maabara. Mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu inayoharibu ini. Malori yakakwama mipakani. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu ni hatari ya kweli. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya, na walikuwa wamekula mahindi yaliyovunwa hukohuko Kenya. Ukungu hufuata unyevu wa ghala, haufuati bendera, na shamba la Mkuria wa Tarime lina mvua ileile ya shamba la binamu yake wa Ntimaru.

Sasa wimbi unarudi, na unarudi kwa bei. Katika maduka ya Kenya pakiti yake huuzwa ghali kuliko ya unga wa mahindi, na wauguzi huwashauri wagonjwa wa kisukari na mama wajawazito wautumie. Una takriban miligramu 340 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kwa mbali. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, uwele, wimbi na nafaka ndogo nyinginezo. Wimbi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kisha ukasafiri maelfu ya miaka iliyopita hadi India. Huko Karnataka hadi leo husongwa donge la kahawia la ragi, yaani wimbi, likaliwa kwa mkono na mchuzi. Mtu wa vijijini Karnataka akifika Ntimaru atakitambua chakula hiki haraka kuliko kijana wa Nairobi.

Kwa hiyo wanaobishana kwenye vibanda vya Ntimaru, nami nawasikiliza kwa hamu, wanalinganisha maduka na sheria za serikali mbili. Supu ya asubuhi, chai ya rangi, ugali laini au uliokazwa ni mambo halali ya kupendelea, na kila mtu ana haki ya kupenda cha kwao. Lakini kusema huyu hula Kikenya na yule hula Kitanzania, huku wote wamelelewa kwa chungu cha obokima, ni kosa.

Inasikitisha kwamba mgeni anaweza kulala Ntimaru siku mbili na kuondoka bila kuuona ugali huo, maana hoteli nyingi za barabarani humpikia ule mweupe zikidhani ndio anaoutaka. Ninaziomba kaunti ya Migori na halmashauri ya Tarime ziwaweke wapishi wazee mbele ya vijana wanaosomea upishi katika vyuo vya ufundi, na mapishi ya mgagani wa kulazwa yaandikwe kabla wanaoyajua hawajatutoka. Nawe msomaji, ukipita njia hiyo, agiza ugali wa wimbi na maziwa lala. Ukiambiwa haupo, lipia wa kesho.