Pumzi ya Injini: Historia ya Istilahi Moja Mdomoni mwa Malagarasi

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao Graf von Götzen, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mainjinia wake walizipaka injini zake grisi nzito. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza safari upya kwa jina la Liemba, ikisukumwa bado kwa mvuke. Habari hizi zinafahamika, nasi tunazirejea kwa ajili ya jambo moja dogo ambalo mwanahistoria wa ziwa hana haja nalo, ila mwanaistilahi analo.

Injini ya mvuke ya meli kama ile haina haja ya kupumua. Ufito wa pistoni hupita katika kizuizi kinachokataza mvuke kushuka chini, na krenki huzunguka mahali pa wazi, mpaka oili aweza kuinyoshea mkono wenye kopo la mafuta. Hakuna gesi inayojikusanya, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kupewa jina. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke za Liemba ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Tangu hapo kikaingia katika chumba cha injini kitu kilichohitaji neno.

Katika injini ya dizeli, kama katika ile ya petroli, krenki imefungiwa ndani ya kasha. Mlipuko unapoisukuma pistoni, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi na kushuka humo. Hata injini mpya huvujisha, na iliyochakaa huvujisha zaidi. Gesi hiyo ina moshi, unyevu na asidi. Isipotolewa, oili hugeuka tope na sili husukumwa nje. Hapana budi kasha liwe na njia ya kutolea gesi. Njia hiyo ndiyo inayotushughulisha.

Natugeukie Ilagala, ambayo leo imo katika Wilaya ya Uvinza, kusini ya Ujiji, pale Malagarasi unapokaribia kuingia ziwani. Hapa ni penye kivuko, penye mawese na dagaa, na penye maboti ya mbao. Injini iliyoundwa kwa ajili ya lori, ikifungwa ndani ya boti la namna hiyo, huwa imehamishwa makazi. Zamani lori lilitoa gesi zake kwa bomba lililoshuka chini ya injini, ncha yake ikiwa imekatwa kwa mshazari. Gari likienda, upepo wa chini yake hupita kwenye ncha hiyo na kuvuta gesi nje. Gari likisimama, mvuto hupotea. Msomaji amekwisha kuona tatizo letu: ndani ya boti hakuna upepo wa barabara. Bomba lile lile, lililofanya kazi barabara kati ya Kigoma na Kasulu, sasa linaning'inia juu ya maji ya ngamani, na halivutwi na kitu. Gesi hutoka kwa kusukumana tu, na mvuke wa oili hubaki chini ya sitaha. Mwenye boti akiliziba kwa tambara ili mzigo wake usichafuke, shindo huongezeka ndani ya kasha, na sili ya krenki ndiyo inayolipa.

Wenye magari ya petroli walipata njia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia baadhi ya magari ya kijeshi, ambayo yalipaswa kuvuka maji ya kina, yalifungiwa matundu ya nje, na gesi za kasha zikapelekwa kwenye bomba la kuingizia hewa ili ziunguzwe upya. Baadaye, katika miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit alionyesha jinsi gesi za magari zinavyozalisha ukungu mchafu wa Los Angeles. Mwaka 1961 jimbo la California likaamuru mfumo huo utiwe katika magari mapya, na amri ikaanza kutumika mwaka 1963.

Katika mfumo huo hewa safi huingia upande mmoja wa kasha, na ombwe la bomba la kuingizia hewa hufyonza gesi upande wa pili, kupitia vali ndogo yenye springi. Injini ikiunguruma bila mzigo, ombwe ni kali, nayo huivuta vali ibanwe. Mzigo ukiongezeka, ombwe hupungua na springi huifungua vali zaidi. Fundi akibadili kemshafti ili apate nguvu, ombwe la mwendo wa taratibu huwa hafifu. Vali haijui kwamba injini imebadilishwa: hubaki wazi wakati ingepaswa kubanwa, hewa hupita kupita kiasi, na injini hutetemeka. Dawa yake ni kutafuta vali ambayo springi yake inalingana na ombwe lililopo. Dizeli kwa kawaida haina kizuizi cha hewa kwenye bomba la kuingizia, kwa hiyo ombwe lake karibu halipo, na vali ya namna hii haina cha kuitii.

Sasa tuje kwenye maneno. Kiingereza huuita mfumo wa California kwa kivumishi kile kile ambacho watu wa umeme na wa hesabu wamekizoea kuwa "chanya". Mfasiri asiyejua injini ataandika "uingizaji hewa chanya", na fundi wa Ilagala atakuwa na haki ya kuuliza kama kuna ulio hasi. Maana iliyokusudiwa pale ni kwamba uvutaji ni wa hakika, haungojei upepo. Twaona "ufyonzaji" unatosha, bila kivumishi chochote.

Kosa la pili ni zito zaidi. Chumba cha nyumba hupitishiwa hewa kwa kuiingiza, na kwa hiyo "uingizaji hewa" ni neno jema kwa dirisha. Kwa kasha la injini kubwa ya meli ni neno la hatari. Tarehe 11 Septemba 1947, karibu na pwani ya Ireland ya Kaskazini, pistoni iliyopata joto kupita kiasi iliwasha mvuke wa oili ndani ya injini ya meli Reina del Pacifico. Watu 28 walikufa. Katika ajali ya namna hiyo mlipuko wa kwanza huweza kufuatwa na wa pili ulio mkali kuliko wa kwanza, kwa sababu hewa mpya hukimbilia ndani. Ndiyo maana kanuni za vyama vinavyokagua meli, kwa kawaida, hukataza mpango wowote wa kupeleka hewa ya nje ndani ya kasha. Mabomba ya kutolea gesi yatakiwa yawe membamba kadiri iwezekanavyo, na pakitumika kifyonzio, ombwe lisizidi milibari 2.5. Kitabu cha mafunzo kikimwambia mwanafunzi wa Kigoma "ingiza hewa katika kasha", kitakuwa kimemwamuru lile lile ambalo kanuni inalikataza.

Kwa hiyo hatukubali kwamba neno moja litumike kwa vitu viwili. Gari la petroli hufyonzwa, na hewa safi huingia. Dizeli ya boti au meli hupumua, yaani hutoa. Kitenzi cha pili hakihitaji kubuniwa, maana kimo vinywani mwa watu. Kutoka kwake twapata "upumuaji wa kasha" kwa tendo, na "kipumulio" kwa bomba au kifuniko chenye tundu. Gesi inayopenya kando ya pistoni na iitwe "mvujo wa ringi".

Lugha yatupatia pia kitenzi "kuhema", kwa pumzi za aliyechoka. Kirundi, jirani na ndugu wa Kiha, hutumia "guhema" kwa kupumua kwa kawaida, na huenda msemaji wa Kigoma asiisikie tofauti sawasawa na mtu wa Unguja. Hata hivyo tunapendelea tofauti ya Kiswahili sanifu ilindwe hapa. Injini nzima inapumua. Injini ambayo ringi zake zimekwisha, na moshi wake watoka kwa vishindo penye kifuniko cha oili, inahema. Mpimaji akiandika moja badala ya jingine katika cheti, mwenye boti aweza kufungua injini isiyo na ugonjwa, au kuvuka ziwa na iliyo mgonjwa.

Imebaki mashine ya nje, ile ya kufungwa nyuma ya mtumbwi. Ile ya mapigo mawili ya mtindo wa zamani haina oili ya kukaa chini, na kasha lake la krenki ndilo njia ya kuingilia mchanganyiko wa petroli na hewa. Kwa mashine hiyo "kipumulio" hakifai kabisa. Twapendekeza kamati iitafutie jina lake peke yake, baada ya kuwasikiliza mafundi wa Ujiji na Kibirizi wanaozifungua kila siku.